Rafu ya Wasomaji: Milima Isiyokuwepo, Jasusi Ndani ya Buti

Barua za safari hii zimeegemea ramani, siasa, ujasusi na hadithi za kuogofya. Tumezichanganya makusudi, kwa sababu vitabu vyenyewe haviheshimu mipaka hiyo. Vingi ni vya Kiingereza, na majina yake tumeyaacha yalivyo ili iwe rahisi kuviulizia.

SWALI: Ndugu wahariri, nimeanza kusoma vitabu vinavyoeleza siasa za dunia kwa ramani. Mwenzangu ananicheka, eti ramani zote hudanganya. Ni kweli? Na kama ni kweli, nisome nini?

JIBU: Ni kweli, ila mwenzako ameishia njiani. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Pasua mpira mkuukuu uulaze mezani: ama utachanika, ama itakubidi uuvute. Kila projeksheni, yaani kila namna ya kuukunjua mviringo huo, huchagua kitu cha kuharibu. Mwaka 1569 Gerardus Mercator aliharibu ukubwa ili aokoe mwelekeo. Nahodha akipiga mstari ulionyooka kwenye ramani yake na kuufuata kwa dira bila kubadili pembe, anafika. Gharama yake ni kwamba vitu hutanuka kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Kwenye latitudo 60, urefu huonekana mara 2 na eneo mara 4. Ndiyo maana Greenland hulingana na Afrika machoni, ilhali Afrika ina takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2.1, kwa hiyo inaingia humo mara 14. Kwa baharia huo si uongo. Kosa lilikuja pale ramani ya chomboni ilipotundikwa ukutani darasani. Mwaka 2018 ilitolewa projeksheni iitwayo Equal Earth, inayohifadhi ukubwa, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiweka Mercator kando.

Kitabu ulichonacho huenda ni Prisoners of Geography cha Tim Marshall (2015) au mwenzake The Power of Geography (2021). Vyote viwili vina sura kumi kumi na vinasomeka upesi. Udhaifu wake ni mmoja: milima na mito hupewa kazi kubwa mno, mpaka msomaji anadhani safu ya milima ndiyo inayopiga kura na kutangaza vita. Kabla hujaendelea navyo, soma How to Lie with Maps cha Mark Monmonier, toleo la tatu la 2018. Ni kijitabu chembamba na kitakunoa macho. Baada ya hapo, A History of the World in Twelve Maps cha Jerry Brotton (2012), ambacho kwa kila ramani huuliza nani aliigharimia na alitaka nini. Hicho ni kinene, kisome sura moja kwa wiki.

Jambo moja la kukagua wewe mwenyewe ni rangi. Chukua mikoa minne yenye asilimia 19, 21, 39 na 41. Mchoraji akikata madaraja kwenye 20 na 40, basi 19 na 21 zitapakwa rangi tofauti, wakati 21 na 39 zitapakwa rangi moja. Takwimu hazijaguswa, lakini picha imeshahukumu. Kwa hiyo anzia kwenye ufunguo wa ramani kabla ya ramani yenyewe, uone madaraja yamekatwa wapi, kisha jiulize yangekatwa kwingine nani angependeza. Angalia pia kama mikoa mikubwa yenye watu wachache imemeza ukurasa wote. Jangwa likipakwa nyekundu hupiga kelele kuliko mji wenye watu mara mia.

SWALI: Ramani za kwenye vitabu vya kielektroniki hazisomeki kabisa. Tatizo ni kifaa changu?

JIBU: Kwa sehemu. Ramani iliyochorwa kwa kurasa mbili za karatasi ikibanwa kwenye kioo kidogo, maandishi hugeuka ukungu. Jaribu kuigusa picha mara mbili au kuibonyeza kwa muda. Vifaa vingi huifungua peke yake, hapo unaweza kuivuta. Ikibaki ukungu hata ukiivuta, basi mchapishaji aliweka picha ndogo na hakuna dawa upande wako.

Kuna mtego mwingine. Ramani ikiandikwa kipimio cha uwiano, tuseme 1:1,000,000, halafu ikapunguzwa kutoka upana wa sentimita 24 hadi 12, namba ile imekuwa uongo. Kipimio cha kweli sasa ni 1:2,000,000. Kipimio cha mstari, yaani kile kipande cha mstari kilichogawanywa kwa kilomita, hakina shida hiyo kwa sababu hupungua pamoja na ramani. Kwenye kioo, amini mstari, puuza namba.

Vitabu vya ramani vya kusikiliza tunakushauri uviache. Mizimu ndiyo ya kusikiliza.

SWALI: Nataka kitabu cha siasa kinachoeleza jinsi uchaguzi unavyoibwa bila hata kugusa sanduku la kura. Pia nifafanulieni ule wizi wa mipaka ya majimbo, sijawahi kuuelewa.

JIBU: Chukua How to Rig an Election cha Nic Cheeseman na Brian Klaas (2018). Kinapanga mbinu kwa hatua, kuanzia zile zinazofanyika miaka kabla ya siku ya kura. Waandishi wenyewe wanasisitiza kwamba mwizi hodari humaliza kazi mapema, na anayejaza masanduku usiku ni yule aliyechelewa.

Mipaka sasa. Chukua kalamu. Wapiga kura 25, majimbo 5, watu 5 kila jimbo. Chama A kina watu 10, chama B kina 15. Kwa haki ya kawaida ungetegemea A apate viti 2 na B apate 3. Sasa chora hivi: jimbo la kwanza, la pili na la tatu, A 3 kwa B 2. La nne A 1 kwa B 4. La tano B 5 watupu. Jumlisha: A bado ni 10, B bado ni 15, lakini A ameondoka na viti 3 kati ya 5. Futa uchore tena, kila jimbo A 2 kwa B 3, na B anachukua vyote 5. Hakuna mtu aliyehama wala kura iliyoibwa. Mbinu ni mbili tu: wapinzani wako uwarundike wengi sehemu moja ambapo ushindi wao unazidi kiasi na kupotea, au uwatawanye vipande vipande wasifike nusu popote.

Jina la Kiingereza la mchezo huu, gerrymandering, lilizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1812, gavana Elbridge Gerry aliposaini sheria ya mipaka mipya. Jimbo moja lilipinda hata gazeti likalichora kama mnyama aina ya salamanda mwenye mabawa na kucha. Katika uchaguzi wa seneti ya Massachusetts uliofuata, chama cha Gerry kilipata viti 29 na wapinzani 11, ingawa wapinzani ndio waliokuwa na kura nyingi zaidi. (Gavana mwenyewe jina lake lilitamkwa kwa g ya "gari". Historia imemkosea hata hapo.)

Onyo kwa atakayenogewa: umbo baya si ushahidi. Mpaka unaweza kupinda kwa sababu unafuata mto, na jimbo lililonyooka kama sanduku linaweza kuwa limekatwa kwa hila kubwa. Linganisha asilimia ya kura na asilimia ya viti katika chaguzi kadhaa ndipo useme.

SWALI: Vitabu vya ujasusi vinavyodai ni "kisa cha kweli" nivisadiki kwa kiasi gani? Nimemaliza kile cha Gordievsky na bado nahema.

JIBU: The Spy and the Traitor cha Ben Macintyre (2018) kinastahili kuhemewa. Oleg Gordievsky, kanali wa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, aliyekuwa akiwafanyia kazi Waingereza, alitoroshwa Moscow Julai 1985. Ishara ya kuomba kuokolewa ilikuwa kusimama mahali palipopangwa na mfuko wa duka la Safeway mkononi. Jibu lilikuwa mtu kumpita akiwa na mfuko wa Harrods huku akitafuna chokoleti. Kwenye mpaka wa Ufini alilala ndani ya buti la gari, mbwa wa walinzi wakinusanusa, na mke wa ofisa mmoja wa Kiingereza akambadilisha mtoto wake nepi juu ya buti lilelile ili harufu iwapoteze mbwa.

Sasa usadiki kwa kiasi gani? Anzia nyuma ya kitabu. Fungua tanbihi na utafute mazungumzo ya faragha: yametoka wapi? MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, haifungui majalada yake kwa watafiti, kwa hiyo mwandishi wa kisa kama hiki hutegemea mahojiano na waliohusika. Hao ni watu waliofundishwa kazi ya kudanganya, tena wanasimulia ushindi wao. Hilo halifanyi kisa kuwa cha uongo, ila lina dalili zake. Makosa ya upande wa msimulizi huwa machache na ya kuchekesha, na ya upande wa pili huwa mengi na ya kijinga. Ukiona hivyo, tafuta maandishi ya pili.

Njia bora ya kujizoeza ni kusoma vitabu viwili juu ya tukio moja. Tunapendekeza White Malice cha Susan Williams (2021) pamoja na The Lumumba Plot cha Stuart A. Reid (2023). Vyote vinapita kwenye mauaji ya Patrice Lumumba, aliyepigwa risasi Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mambo ya msingi hayagombaniwi. Septemba 1960 mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) na sumu na kumkabidhi mkuu wa kituo chao, Larry Devlin, na sumu ile haikutumika. Tunayajua haya kwa sababu kamati ya Seneti ya Marekani iliyochunguza idara za ujasusi iliyaanika mwaka 1975. Vitabu hivi vinatofautiana kwa upana. Reid anamfuata Lumumba hatua kwa hatua, Williams anatandaza mkeka mpaka Ghana ya Nkrumah. Soma Reid kwanza upate mfuatano wa siku, ndipo Williams, la sivyo utapotelea kwenye wingi wa majina.

Ukikuta ukurasa wa nyaraka uliozibwa kwa wino mweusi, usiuruke. Pima urefu wa pengo. Mara nyingi ni jina la mtu tu, na sentensi iliyobaki inatosha. Mwandishi anayejaza pengo lile kwa uhakika bila kusema "inaelekea" mtilie shaka.

SWALI: Na za kubuni? Nimezisoma za John le Carré zote.

JIBU: Zote, pamoja na Silverview iliyotoka 2021 baada ya kifo chake? Basi nenda Karla's Choice (2024) ya mwanawe, Nick Harkaway. Imepachikwa mwaka 1963, katikati ya riwaya mbili za baba yake, na kiraka hakionekani sana. Ukichoka na huzuni hiyo, fuata mfululizo wa Mick Herron unaoanza na Slow Horses (2010), kuhusu maofisa walioboronga na kutupwa kwenye jengo bovu. Soma kwa mpangilio, kwa sababu watu hufa humo, tena ghafla. Waliokulia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba wajiandae: huku ngumi ni chache, vikao ni vingi.

SWALI: Mnaweza kunitajia kitabu kimoja ambamo ramani na ujasusi vinakutana?

JIBU: The Red Atlas cha John Davies na Alexander J. Kent (2017). Wakati wa Vita Baridi jeshi la Kisovieti lilichora dunia kwa siri, na miji mingi ya kigeni ikachorwa kwa kipimio cha 1:10,000. Majengo ya maana yalipakwa rangi kwa kazi zake: viwanda vyeusi, ofisi za utawala zambarau, jeshi kijani. Kwenye madaraja waliandika upana, uzito yanaoweza kubeba na yamejengwa kwa nini, na kwenye mito kasi ya maji. Majina ya mitaa yaliandikwa kwa herufi za Kirusi kwa jinsi yanavyotamkwa, ili askari aweze kuuliza njia. Ramani yao ya Chatham, Uingereza, ilionyesha gati za jeshi la majini ambazo ramani za Waingereza wenyewe ziliziacha tupu. Na raia wa Kisovieti? Waliuziwa ramani zilizopotoshwa makusudi, jambo ambalo mkuu wa uchoraji ramani wa nchi hiyo alilikiri mwaka 1988.

Kinunue cha karatasi. Kwa sababu tuliyoitaja hapo juu, nakala ya kielektroniki ya kitabu hiki ni hasara.

Mambo ya ramani za hariri za vita vya pili nayo yanakutana hapo. MI9, idara ya Uingereza iliyosaidia wanajeshi kutoroka mikononi mwa adui, ilizichapa kwa ajili ya marubani na wafungwa kwa kuwa hariri haitoi sauti ikikunjuliwa na haiharibiki ikilowa. Mwanzoni wino ulisambaa kitambaani. Ulitulia walipouchanganya na pektini, kitu kilekile kinachogandisha jemu.

SWALI: Swali langu mtaliona la ajabu: kuna ramani na mizimu pamoja?

JIBU: Si la ajabu hata kidogo. Ramani zimejaa mizimu. Mwaka 1798 James Rennell alichora Milima ya Kong ikikata Afrika Magharibi kutoka upande hadi upande. Alihitaji kitu cha kuuzuia Mto Niger usiteremke kusini. Wachoraji wengine wakanakili, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia, na milima ikadumu takriban miaka 90, mpaka Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 asiione. Usidhani ni ujinga wa kale. Kisiwa cha Sandy, kwenye Bahari ya Matumbawe, kilikuwa kwenye ramani za kidijitali mpaka Novemba 2012, meli ya utafiti ya Australia ilipopita juu yake na kupima kina cha zaidi ya mita 1,300. Visa vya namna hii vimekusanywa katika The Phantom Atlas cha Edward Brooke-Hitching (2016).

Kuna na mizimu ya kutegea wezi. Miaka ya 1930 kampuni moja ya ramani ya Marekani ilichomeka mji wa uongo jimboni New York, ukaitwa Agloe, jina lililotungwa kwa herufi za mwanzo za majina ya mkuu wa kampuni, Otto G. Lindberg, na msaidizi wake, Ernest Alpers. Kampuni nyingine ikinakili, mtego unanasa. Ulinasa kweli, lakini waliotuhumiwa walikuwa na utetezi: mtu alikwisha kujenga duka pale na kuliita Agloe, kwa sababu aliliona jina hilo kwenye ramani. Riwaya ya Peng Shepherd, The Cartographers (2022), imejengwa juu ya kisa hiki. Theluthi ya kwanza inakwenda kwa mwendo wa kobe. Vumilia.

Na kama unataka mzimu hasa, tafuta "Mr Humphreys and His Inheritance" ya M. R. James, ya mwaka 1911. Mrithi wa shamba anachora, usiku, ramani ya bustani ya vichochoro aliyoachiwa. Katikati ya mchoro anaona tundu. Anainama kuchungulia, na tundu linapenya karatasi, linapenya meza, linapenya sakafu, linakwenda chini bila mwisho, na huko chini kuna kitu kinapanda. James alifariki 1936, kwa hiyo hadithi zake zapatikana bure kwenye intaneti katika nchi nyingi.

SWALI: Nikisoma hadithi za mizimu siogopi. Nina kasoro gani?

JIBU: Pengine unasoma nyingi kwa mkupuo. Hadithi fupi ya mzimu hutegemea ukawaida: kurasa kumi za barua, risiti na hali ya hewa, ndipo kitu kimoja kinakosea. Ukisoma tano mfululizo, akili inaanza kusubiri kosa na ukawaida haufanyi kazi tena. Soma moja, kwa sauti ikiwezekana, ulale. Ruka dibaji pia, maana wahariri wengi hufichua mwisho humo.

Kwa ndefu, jaribu Dark Matter ya Michelle Paver (2010): shajara ya mwendesha redio wa msafara wa 1937 huko Svalbard, anayebaki peke yake usiku wa nchi za ncha unapoingia. Angalia jinsi maandishi ya kila siku yanavyofupika. Ukitaka siasa ndani yake, The Seven Moons of Maali Almeida ya Shehan Karunatilaka, iliyopata tuzo ya Booker 2022. Mpigapicha wa vita vya Sri Lanka anajikuta amekufa, yuko kwenye foleni ya ofisi ya ahera, na ana usiku saba wa kuwaelekeza rafiki zake kwenye picha alizoficha. Ukikuta Chats with the Dead (2020) ya mwandishi huyohuyo usiinunue kama nyingine, ndiyo hiyohiyo kabla haijaandikwa upya. Lincoln in the Bardo ya George Saunders (2017) huwashinda wengi kurasa za mwanzo kwa sababu jina la msemaji huja baada ya maneno yake. Zoea kuangalia chini kwanza. Na usiyanukuu "mashahidi" wake kama historia: baadhi ni wa kweli, wengine amewabuni.

SWALI: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni hadithi ya mzimu? Mwanangu anaogopa hata jalada.

JIBU: Mwambie asiogope. Ni riwaya ya upelelezi, iliyochapwa 1960, na Bwana Msa na kiko chake ndiye anayeondoa utando. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na mzimu hapo si kiumbe. Ni mahali, pale watu wanapokwenda kuweka nadhiri.